Kiingilio

Vienna tulikata tiketi tukaingie chumba kitupu.
Mlangoni bendera, ukutani kibao,
ndani piano iliyozungushiwa kamba, usiiguse,
na dirisha. Mlinzi akasema: dirisha ni lile lile.
Tukalitazama, kwaya nzima kutoka Tabora,
makoti ya kuazima, pua zinachuruzika,
tukichungulia ua ambao kiziwi mmoja aliuchungulia.

Alihama sana, wakatuambia. Kelele, kodi, majirani.
Alihama hadi mji ukajaa vibao vyake,
kila mtaa unadai alikuwa wake,
kama ndugu wanaochipuka siku ya mirathi.

Nami ndani ya tramu nikahesabu vidoleni
nyumba za Mwalimu Polikarpi Kasanda:
Cheyo, Isevya, Ng'ambo.
Vidole vikabaki. Vibao, hata kimoja.

Alikuwa karani wa mizani, ghala la tumbaku.
Mchana akipima marobota, usiku akipima sauti.
Karatasi ilikuwa adimu miaka ile,
akaandika nyuma ya stakabadhi:
mbele kilo, daraja, jina la mkulima wa Urambo,
nyuma do, mi, so, na besi zinazojivuta
kama treni ya mizigo inavyong'oka stesheni.
Mpaka leo "Utuhurumie" yake inanuka tumbaku.
Mzee Lushinge hupiga chafya kabla ya kuingia,
nasi tumeshaizoea,
tunaihesabu mapigo mawili.

Basi Jumamosi ya kwanza nyumbani
nikamchukua Nyamizi wa sauti ya pili, baiskeli mbili.

Cheyo, nyumba ni karakana ya kuchomelea mageti.
Kijana akavua miwani yake myeusi:
"Mtunzi? Mtunza nini, bustani?"

Isevya tulipotea. Nyamizi anasema
ni baada ya mashine ya kusaga, mimi nasema kabla,
kumbe mashine yenyewe ilishahama.
Tukasimama kwa heshima mbele ya mihogo ya watu iliyoanikwa
mpaka mbwa akatutoa.

Ng'ambo tukamkuta Bi Mwamini Feruzi anapeta mchele.
"Kasanda? Namkumbuka.
Akiimba usiku hadi jogoo wangu akachanganyikiwa,
akawa anawika saa nane.
Tena aliondoka hajalipa miezi miwili."

"Bibi, alifariki mwaka themanini na tisa."

"Najua. Nilipeleka kuni msibani.
Deni ndilo halikwenda makaburini."
Akapuliza makapi, akasimama, akatufungulia.

Magunia ya karanga. Kitanda kisicho na tendegu moja.
Hakuna kamba, hakuna usiguse;
Nyamizi akagusa kila kitu.
Nikauliza, maana nimefundishwa kuuliza:
dirisha ni lile lile?

"La mbao lililiwa na mchwa.
Hili la chuma nimeweka juzi juzi."
Akafikiri kidogo. "Ila tundu ni lile lile."

Tukatazama. Mpapai, choo cha bati,
mtoto anamwogesha mwenzake kwenye karai
na mwenzake hataki.
Nyamizi akaanza chini chini, sauti ya pili peke yake,
ambayo bila ya kwanza haina maana sana,
huzunguka tu noti tatu kama mtu anayetafuta funguo.
Bi Mwamini akasema: ndiyo hiyo. Hiyo hiyo ya jogoo.

Nikamuuliza deni ni kiasi gani.
"Wakati ule mia tatu kwa mwezi. Sasa jihesabie mwenyewe."
Nikatoa elfu kumi.
Kule nilitoa zaidi, na sikuonyeshwa karanga.

Hakupokea kimya kimya. Alitafuta daftari,
akatafuta kalamu, akatafuta miwani,
akaandika polepole, akichonga kila herufi:
*Nimepokea kwa P. Kasanda. Kodi ya chumba. Hadaiwi.*
Akachana, akanipa.

Nikaigeuza, kwa mazoea.
Nyuma palikuwa peupe.